Kiti cha Mama Bado

Jumatatu, 4 Machi

Tumeanza leo, ila mvua haijaanza. Mama kasimama mlangoni mwa nyumba tuliyokodi, mikono kiunoni, anaitazama mbingu kwa lile jicho analomtazamia fundi aliyeahidi kuja asubuhi na sasa ni jioni. Filamu nzima inataka mvua. Mzee mmoja amegoma kuhama nyumba inayovuja, binti yake amekuja kumchukua, basi. Watu wawili, nyumba na mvua. Mama anasema hii ndiyo filamu yake ya mwisho, na safari hii hakuna anayembishia.

Sababu naiandika hapa mapema ili nisije nikaizungukazunguka. Mama ana uvimbe kooni. Filamu ikiisha atapasuliwa, wataondoa kile kisanduku kinachotoa sauti. Daktari ana imani atapona. Atakula, atatembea, ataendelea kutuburuza sote kama kawaida yake. Ila hatasema tena. Alipoambiwa aliuliza swali moja tu: "Naweza kusubiri mpaka Mei?" Daktari akamjibu kwamba anaweza, mradi akae kimya kadiri awezavyo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nikaangua kicheko, kisha nikalia palepale kwenye kiti cha hospitali. Mama yangu akae kimya!

Jumanne, 5 Machi

Jua.

Alhamisi, 7 Machi

Tumepiga onyesho la kwanza la ndani, lisilohitaji mvua. Mjomba yuko kwenye kamera kama ilivyo miaka yote; ni mdogo wake mama na ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia "Dada, hapana" akabaki na kazi. Mzee anaigizwa na Mzee Ndita, ambaye tangu nimjue sijayaona meno yake. Mimi ni sauti. Nyumbani mimi ni mwanawe, kazini ananiita Fundi, na nikijisahau nikamwita mama mbele ya watu hageuki. Wenzangu wanamwita Mama Bado, kwa sababu mwigizaji akimaliza maneno yake, akashusha mabega akingoja kusikia "kata", mama husema "bado". Kamera inaendelea kula. Mwigizaji hajui afanye nini na mikono yake, anaishika meza, anakuna shingo, anatazama dirishani. Hapo ndipo mama anapopata anachokitaka.

Sasa shida yangu. Mama ana ugonjwa usio na dawa, na hapa siongelei koo. Mwigizaji akisema, naye anasema. Anakaa kwenye kile kiti chake cha turubai kando ya kamera, midomo inacheza, na chini ya midomo kuna mnong'ono: maneno yote ya mzee, maneno yote ya binti, na miguno yake mwenyewe juu, "ee", "hapo sasa", "usimjibu bado". Ukimwambia, anaapa. "Mimi? Mbona nilifunga mdomo!" Lakini hedfoni zangu hazina unafiki.

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kumfuta mama. Nilikuwa nimemaliza shule, sijui hili wala lile, na mzee aliyekuwa fundi sauti wake wakati ule akanikalisha mbele ya mashine. "Mtafute mama yako," akaniambia, "umtoe." Nikamtafuta. Nikamtoa kwenye filamu ya mwalimu wa baiskeli, nikamtoa kwenye ile ya mapacha, nikamtoa kwenye zote zilizofuata. Watu husifu sauti za filamu zake, kwamba ni safi. Hawajui ni jasho la nani.

Leo nimesikia mnong'ono umekwaruza. Nimevumilia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekihamisha kiti cha mama.

Nilikuwa nimejipanga toka asubuhi, ndipo nikamfuata.

"Nakuomba uhamie jikoni."

"Jikoni nikapike nini?"

"Nimekufungia skrini kule. Utaona kila kitu anachokiona mjomba. Na utaupumzisha mdomo. Daktari alisemaje?"

"Daktari hajawahi kuongoza filamu."

Mjomba akakohoa, akainama kufuta lenzi iliyokuwa safi. Mimi nikasubiri vita. Mama akanitazama, akatazama kiti, akakikunja.

"Haya, Fundi," akasema, akakibeba mwenyewe.

Mchana kutwa tumerekodi, na kwenye hedfoni hakuna hata pumzi yake. Nimesikia nguo ya Mzee Ndita ikisugua kiti. Nimesikia kijiko kikigusa kikombe. Nimefurahi mpaka nikaona aibu. Koo la mama lilikuwa sababu, na sababu ya kweli kabisa, ila nisijitie utakatifu: nilikuwa naitamani siku kama hii toka nianze kazi.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imekuja, tena ya kumwagwa kwa ndoo. Kwenye bati haisikiki hata fikra. Mama anafurahi jikoni, anapiga makofi, mimi nashika kichwa. Tumetandika magunia ya katani juu ya paa ili kuilainisha. Mjomba amelowa mpaka soksi.

Jumatano, 13 Machi

Ng'ambo ya barabara kuna fundi wa mageti. Mvua ikikatika tu, naye anawasha mashine ya kukatia vyuma. Nimemwendea na adabu zote.

"Dada yangu, mvua ikinyesha siwezi kufanya kazi. Mvua ikiisha wewe ndiye unanikataza. Nile lini?"

Alikuwa na haki. Tumekubaliana: nikining'iniza kitambaa chekundu dirishani anasimama, nikikitoa anaendelea. Chai yake iko kwetu.

Alhamisi, 14 Machi

Mwanangu anatoka shule mchana analetwa hapa, anakaa jikoni na bibi yake. Tunamwita Chiriku, na anayemsikia dakika moja tu haulizi kwa nini. Leo mama, akijitahidi kuokoa sauti, amemfanya tarishi. Katikati ya onyesho, Mzee Ndita machozi yanamlengalenga, mlango ukafunguliwa pwaa: "Bibi anasema bado!"

Kitambaa chekundu kilikuwa dirishani. Fundi wa mageti naye kaniuliza baadaye, "Yule mdogo, kwake hakina kazi?"

Kuanzia kesho mama atagonga kifuniko cha sufuria. Pigo moja, bado. Mawili, kata.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Baba Chiriku amepiga simu kutoka kazini kwake kule mbali, nimemwambia tuko salama.

Ijumaa, 22 Machi

Tumekaa sote jikoni kutazama tulichopiga mpaka sasa. Mama mbele, sisi nyuma yake. Picha nzuri, mwanga mzuri, sauti, samahani nikijisifu, kama maji ya kunywa. Zikakwisha. Mama akaweka mkono kooni, mazoea mapya haya, akasema taratibu, "Wanaigiza." Akaondoka kwenda kumwosha Chiriku mikono.

Mjomba alibaki anakunja nyaya.

"Imelala," akaniambia.

"Nini imelala?"

"Yote, mpwa wangu. Imelala fofofo."

Nimemjibu kwamba ni mvua, watu wamechoka, nguo zimelowa. Ameendelea kukunja nyaya.

Jumatano, 27 Machi

Mzee Ndita amekosea maneno asubuhi nzima. Mtu mwenye miaka hamsini jukwaani! Tulipopumzika nikampelekea chai kwenye kibaraza, akanionyesha nikae.

"Binti, nikuambie jambo, usinune. Mama yako alipokuwa pale pembeni nilikuwa namsikia. Si maneno, masikio yangu yenyewe haya yamekwisha. Nilikuwa najua yupo. Nikisema 'funga dirisha', kuna mtu mwingine chumbani naye anataka lile dirisha lifungwe. Sasa nikisema, nakiambia kifuniko cha sufuria."

"Koo lake, Mzee."

"Najua koo lake." Akanywa chai. "Na wewe je, sauti yake ikiondoka? Wewe utakuwa salama?"

Sikumwelewa, au nilijifanya. Nimerudi ndani nimemnunia kweli, kama alivyotabiri.

Jumamosi, 30 Machi

Hakuna kazi. Mama amelala mchana. Sijawahi kumwona akilala mchana isipokuwa ndani ya gari.

Jumanne, 2 Aprili

Sauti ya mama imeshuka sana. Asubuhi inatoka, mchana inakwaruza, jioni ni hewa. Leo nimeamua kufanya nilichokuwa nakikwepa: nimefunga maikrofoni yangu nzuri kuliko zote chumbani kwake, nimefunga madirisha, nimemkalisha kitandani na mto mgongoni.

"Sema chochote," nikamwambia. "Mhadithie Chiriku kitu. Ili abaki nacho."

Akanyoosha mgongo, akasafisha koo, akashika magoti. "Mjukuu wangu mpendwa," akaanza. Akaendelea hivyohivyo, maneno yamepigwa pasi, yamekunjwa. Nami nilikuwa natikisa kichwa kumtia moyo, huku kila neno naona si lake. Mama hajawahi kumwita Chiriku mjukuu wangu mpendwa. Anamwita "wewe kelele".

Akanyamaza mwenyewe.

"Zima. Nasikika kama tangazo la msiba."

"Jaribu tena, mama. Usiifikirie maikrofoni."

"Ungekuwa unaniongoza mimi, ningekwambia huyu mwigizaji hafai, mtafute mwingine." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikazima.

Baadaye Chiriku kaniuliza bibi alikuwa anaongea na nani kwenye kile kijiti. Nikamwambia na wewe. "Mimi nilikuwa huku," akasema.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo nimefanya upumbavu mmoja mkubwa, kisha nikaugundua mwingine uliokuwepo siku zote.

Upumbavu wa kwanza: nimetoa filamu zote za mama kabatini, nikakaa na hedfoni toka asubuhi, nikimtafuta. Nilijiambia lazima kuna mahali amebaki. Neno, mguno, hata pumzi nyuma ya mlango. Nikafika kwenye ile ya mapacha, onyesho la mtoni, na namkumbuka kabisa siku ile, alikuwa anaongea chini kwa chini mpaka mwigizaji akageuka. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Maji. Ndege. Maji tena. Kazi yangu ilikuwa nzuri sana.

Nikampigia yule mzee aliyenifundisha. Kanda ghafi za zamani ziko wapi, zile ambazo hazijasafishwa?

"Ghafi?" akauliza. "Mwanangu, kanda ilikuwa adimu. Tulikuwa tukishasafisha tunarekodi juu yake." Kisha akashusha sauti. "Kwani mama yako anaendeleaje?"

Nikamwambia. Akasema pole, akasema tena pole, na kwa jinsi alivyosema nilijua amekwisha kuelewa ninachokitafuta.

Upumbavu wa pili hauna haja ya kuandikwa, lakini naandika. Msimu huu mashine yangu ina nafasi ya kutosha kurekodi mwaka mzima. Ningeweza kumnasa kila siku, saa zote, bila kufuta chochote, anayasema maneno yote ya filamu yake ya mwisho kwa sauti yake mwenyewe bila kujua kama anasema. Tungekuwa tumejaa yeye. Nami nilimpeleka jikoni akae na sufuria.

Nimelia mpaka hedfoni zimeloa, zikaanza kukwaruza.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua kubwa, hatukupiga. Nimemkuta mjomba kwenye gari anasubiri ikatike, nikaingia nikakaa naye. Nikamwuliza mama alianza lini kunong'ona.

"Hajawahi kunong'ona," akasema. "Alianza kwa kupiga kelele."

Nilijua kwamba mama alifanya kazi kwenye ukumbi wa sinema akiwa msichana. Nilidhani alikuwa anakata tiketi. Kumbe filamu zilikuja kwa lugha za watu, hakuna aliyeelewa, na mwenye ukumbi alikuwa na mtu wa kusimama kando ya turubai la picha kuwaeleza watazamaji. Mtu yule akaugua. Mama, aliyekuwa anafagia, akapanda juu. Alikuwa ameziona zile filamu mara nyingi, akawa anazisema zote peke yake: baba, mama, mtoto, mwizi, mbwa. Alipokuwa hajui wanasema nini, alitunga.

"Watu walikuwa wanakuja kumsikiliza yeye," mjomba akasema. "Filamu moja wiki mbili, na kila siku wanasema kitu kingine. Mimi nilikuwa mdogo, nakaa mbele kabisa. Siku moja mama mmoja kwenye filamu alikuwa analia, na dada akakosa la kusema. Akanyamaza. Ukumbi mzima ukanyamaza naye. Yule mama akafuta machozi, akashika meza, akatazama dirishani. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, 'Kwisha!' Dada akageuka akamwambia, 'Bado.'"

Mvua ilikuwa inapiga kioo. Mjomba akawasha kipangusio ingawa hatukuwa tunakwenda popote.

"Unamwambia asiseme wakati picha zinapita," akasema. "Hivyo ndivyo alivyojifunza kuziona."

Miaka yote nimemchukulia kama mtu asiyeweza kujizuia. Nimemwonea.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekirudisha kiti.

Nimekitoa jikoni kabla hajafika, nikakikunjua kando ya kamera, palepale pa zamani. Alipoingia alikipita, akaelekea jikoni, akarudi.

"Kiti changu kiko wapi?"

"Hapo."

"Nitakuharibia."

"Niharibie."

Wote walikuwa wamesimama. Yule dada anayeigiza binti alishika kikombe akasahau kunywa. Mama akanikazia macho, na mimi nikakaza ya kwangu nisije nikamwaga machozi hadharani.

"Na daktari?"

"Sema chini. Chini kabisa, kama unavyosema siku zote."

"Mimi huwa sisemi," akasema, akakaa.

Nimemwekea maikrofoni yake. Nimeining'iniza juu ya kiti, mahali asipoweza kuiona. Mzee Ndita ameiona, akatazama pembeni. Tukaanza. Neno la kwanza la mzee, na ndani ya sikio langu la kushoto akaja mama: amekwaruza, hafifu, anamfuata mzee hatua kwa hatua. "Dirisha lile... ee... lifunge wewe, mimi mgongo." Kisha kwa binti: "Baba, hii nyumba inakunyeshea." Kisha yeye: "Usimjibu. Bado. Mwache akuangalie."

Na Mzee Ndita hakumjibu. Akamwangalia binti kwa namna ambayo mjomba alisahau kupumua; namjua, mabega yake yaliganda.

Mama aliposema kata, hakuna aliyesogea. Kisha akageuka, akaniuliza mbele ya watu wote, "Nilisema?"

"Hata kidogo," nikamjibu.

Alhamisi, 11 Aprili

Kazi. Nzuri.

Ijumaa, 12 Aprili

Kazi. Nzuri zaidi. Fundi wa mageti amehama kabisa na kiti chake, anatazama kupitia dirishani. Leo kitambaa nilisahau kukitoa, na hakulalamika.

Jumatano, 17 Aprili

Sauti imebaki ya asubuhi tu. Tunapiga alfajiri, adhuhuri tunafunga. Chiriku anamlaumu bibi yake kwamba anaiga paka.

Jumanne, 23 Aprili

Siku ya mwisho. Onyesho la mwisho: mzee amekubali kuhama, vitu vimefungwa, mvua inanyesha, naye anamwomba binti wakae kidogo mpaka ikatike. Wanakaa juu ya masanduku. Hakuna maneno mengi. Mvua ilitupa heshima, ikanyesha ya wastani, ile unayoisikia bila kupigiwa kelele. Mama aliyasema yote nao. Baadhi yalitoka hewa tupu, lakini nina ile hewa.

"Kata," akasema. Makofi, watu wakakumbatiana, nami nikainua mkono kama inavyonipasa. Katika kazi yetu kuna jambo moja ambalo fundi sauti humwamuru hata mwongozaji. Mkimaliza kupiga ndani ya chumba, kabla hakijavunjwa, wote mnasimama mlipo na fundi anarekodi ukimya wake. Kila chumba kina ukimya wake: bati lake, pumzi za watu waliomo, tone linaloangukia kwenye beseni kule kona. Baadaye, popote unapofuta kitu kisichotakiwa, unaziba tundu kwa ukimya huo, la sivyo msikilizaji anahisi ametumbukia shimoni.

Katika maisha yake yote mama hajawahi kuumaliza ukimya wa chumba bila kuuharibu. Atapumua kwa nguvu, atamkumbuka mtu, atauliza chai. Tunaurudia mara tatu, mara nne. Nilikuwa nautegemea uharibifu huo. Niliuhitaji kama nini.

"Kimya cha chumba," nikasema. "Hakuna kusogea."

Wakasimama. Mama kwenye kiti chake, mikono mapajani. Nikasikia bati, nikasikia tone, nikasikia mjomba akimeza mate. Kwa mama sikusikia kitu. Aliniangalia usoni muda wote, amefunga midomo, makini kama mwanafunzi, anataka kunipa walau mara moja kazi iliyo safi. Alikuwa ananizawadia kitu ambacho sikukitaka kabisa.

Muda ukatosha, ukazidi. Watu wakaanza kunitazama. Ilibidi niseme asante, wavunje. Nikafungua mdomo, nikasema, "Bado."

Tukaendelea kusimama. Yule dada akaanza kulia bila sauti, fundi taa akatazama juu. Mama akatabasamu kidogo. Kisha, kwa sauti iliyobaki, mbele ya kila mtu, kazini:

"Mwanangu, watu wamechoka. Waachie waende."

Nikawaachia.

Jumatatu, 6 Mei

Wamemchukua asubuhi kumpeleka chumba cha upasuaji. Kabla hawajamwingiza alimwita Chiriku, akamwambia kitu sikioni. Nimemwuliza Chiriku bibi kasema nini. "Siri," akasema, na huyu mtoto hajawahi kutunza siri. Sijamwuliza tena.

Saa za kusubiri siziandiki. Daktari katoka, anatabasamu. Wameutoa uvimbe wote.

Alhamisi, 9 Mei

Ana tundu dogo shingoni, anapumulia hapo. Ana kibao cheupe na kalamu. Neno la kwanza aliloandika: "Taa ya chumba hiki mbaya."

Jumapili, 19 Mei

Mvua zimekwisha. Nguo zimekauka zote kwa siku moja.

Jumatatu, 3 Juni

Tunahariri. Mama amekaa kushoto kwangu, mjomba nyuma, kibao mapajani mwa mama. Nimemchezea onyesho la mwisho kama lilivyo, naye ndani yake akinong'ona. Alikuwa hajui. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yamemtoka.

Akaandika: "Kumbe nilikuwa nasema."

"Kidogo," nikamwambia, na mjomba akacheka mpaka akatoka nje.

Mama akafuta kibao, akaandika tena: "Futa."

"Mama, nilifikiri tuache japo hapa..."

Akagonga kibao kwa kalamu. Futa. Ni filamu ya mzee na binti yake, hapo chumbani hakuna mtu wa tatu. Nikakubali, kwa sababu alikuwa sahihi, na kwa sababu bado ndiye mwongozaji.

Nakala ghafi ninazo, nimeziweka mahali pawili tofauti. Basi nikaifanya kazi yangu ya kwanza maishani. Nilimtafuta mama, nikamtoa: kwenye "dirisha", kwenye "baba", kwenye "usimjibu". Kila nilipomtoa kukabaki tundu, na kila tundu nililiziba kwa ukimya wa kile chumba, ule aliotukalia yeye mwenyewe amefunga midomo. Sasa onyesho limetulia. Ukisikiliza hutajua. Mimi nikisikiliza, kila mahali alipokuwa anasema yupo ananyamaza.

Nilipomaliza nikamvalisha hedfoni, nikamchezea ukimya wenyewe, wote, asikie alivyonifanyia siku ile. Alisikiliza bati, alisikiliza tone. Nikaona amefika kwenye "bado" yangu, maana nyusi zilipanda. Kisha akafika kwa sauti yake. "Mwanangu, watu wamechoka. Waachie waende."

Niliona inatosha. Baada ya hapo mashine ilibaki inarekodi vurugu tu, watu wanaburuta viti, Chiriku anaingia mbio, mama anamwambia "wewe kelele, ona viatu vyako", anamwuliza fundi wa mageti kwani hana nyumba, anacheka. Nikanyoosha mkono nizime.

Mama akaushika mkono wangu. Kalamu ilikuwa imeanguka chini na hakuitafuta. Alinigeukia, hedfoni kichwani, machozi yanamshuka, akaiumba midomo bila hewa yoyote, polepole, na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi naye angelijua lile neno.

"Bado."

Nikaiacha iendelee.